Tarehe Zilizo Kwenye Kadi ya Mwanao

Mzazi akikaa mbele yangu na mtoto mapajani, swali la kwanza huwa ni kama chanjo zina madhara. Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini miaka yote hii ya kutibu watoto, ni wachache mno walioniuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yangu lina faida zaidi: kwa nini wiki ya sita? Kwa nini isiwe mwezi wa tatu au wa nne, tukishapata nafasi? Kwa nini miezi tisa, halafu tena mwaka na nusu?

Nataka kulijibu hilo kwa kirefu, maana hapo ndipo watoto wanapotuponyoka. Wengi wanaolazwa kwa magonjwa yenye chanjo si watoto wa wazazi waliokataa chanjo. Ni watoto wenye kadi iliyojaa nusu. Mama alisafiri kwenda kuuguza, kadi ilibaki kwa bibi, siku ya kliniki iliangukia msiba, nesi alisema rudi Alhamisi na Alhamisi mvua ikanyesha. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Imebaki moja tu, daktari." Na mara nyingi hiyo moja ndiyo tuliyoihitaji.

Nilipoingia wodi ya watoto nikiwa daktari kijana, surua ilikuwa na chumba chake. Ukifungua mlango unakutana na macho mekundu yaliyovimba, makamasi, na kikohozi kisichokoma. Kwenye ngozi nyeusi vipele vya surua havionyeshi ule wekundu wa kwenye picha za vitabuni. Unavigusa kwa kiganja kabla hujaviona, vinaanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, kisha vinashuka kifuani. Baada ya siku kadhaa ngozi inakuwa nyeusi zaidi na kubanduka kama pumba. Waliokufa, wengi walikufa kwa nimonia au kuhara kulikofuata. Kuna waliopona wakatoka na kidonda kwenye kioo cha jicho. Leo madaktari wanaojifunza kwangu wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kuona surua hata moja, na ikija wanaiita mzio.

Ushahidi wa mabadiliko haya ninaoupenda kuliko wote uko hapa hapa pwani, Kilifi. Hospitali ya pale imekuwa kwa miaka mingi ikifanya kazi na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, na watoto wanaolazwa hupimwa damu kutafuta vijidudu, huku ikijulikana kila mmoja katoka kijiji gani. Kwa hiyo ugonjwa ukipungua unaonekana kwa hesabu, si kwa kukisia. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo, mwezi Novemba 2001. Ndani ya miaka mitatu hivi, maradhi makali ya Hib kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalishuka kwa asilimia 88. Mwaka 2011 ikaingia chanjo ya nimokoka, ile ambayo kwenye kadi huandikwa PCV, na maambukizi makali ya zile aina zilizomo kwenye chanjo yakashuka kwa asilimia 92. Mimi nimetoa maji ya uti wa mgongo ya vichanga yakatoka na ukungu wa usaha, na najua baadhi ya waliopona walirudi nyumbani wakiwa viziwi. Kwa hiyo mtu akiniambia sindano hizi hazifanyi kitu, huwa najiuliza alikuwa wapi.

Tuanze na kuzaliwa. Mtoto hupewa BCG ya kukinga kifua kikuu, Tanzania kwenye bega la kulia, Kenya kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, pamoja na matone ya polio. Matone haya ya mwanzo yana ukomo: zikipita siku 14 hayatolewi tena, mtoto anasubiri yale ya wiki ya sita. Na hapa kwetu kuna jambo la arobaini. Sina ugomvi na arobaini. Mama anapumzika, anakandwa, analishwa, na mtoto anaepushwa na vikohozi vya mtaani. Kama daktari ningeombwa kubuni utaratibu wa kumlinda mzazi, nisingeenda mbali na huo. Ila mtoto aliyezaliwa nyumbani, au aliyeruhusiwa hospitali mwisho wa wiki kabla hajachanjwa, asisubiri arobaini iishe. Bibi au shangazi ambebe ampeleke zahanati, mama abaki ndani.

BCG ina vituko vyake. Baada ya wiki mbili hadi sita pale begani hutokea uvimbe mdogo, kisha kidonda chenye usaha kidogo, kisha kovu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Usikamue, usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa, usifunge plasta. Osha kwa maji mtoto anapooga, basi. Rudi kliniki tu ukiona tezi la kwapani limevimba sana au linatoa usaha.

Halafu kuna suala la chupa, ambalo limewakasirisha akina mama wengi bila mtu kuwaeleza. Umetembea na jua, umefika, nesi anatazama foleni na kusema, "Dada, leo mko wawili tu, njoo Alhamisi." Hakudharau. Chupa moja ya BCG kwa kawaida huchanja watoto 20, na ya surua na rubella watoto 10. Ikishachanganywa na maji yake, lazima itumike ndani ya saa sita. Kinachobaki kinamwagwa, na yeye ataulizwa dozi zimeenda wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema afungue hata kwa mtoto mmoja, na mimi nakubaliana nao kabisa, kwani dozi ikimwagika hununuliwa nyingine. Lakini wewe unaishi na zahanati uliyonayo. Uliza mapema siku gani BCG hufunguliwa na siku gani ya surua, uiandike. Omba namba ya simu ya kliniki. Na kama mtoto amechelewa, au kesho mnasafiri, mwambie nesi hivyo waziwazi na umwombe afungue. Nimeona wengi wakifungua wakishaelezwa.

Sasa wiki ya sita. Hii ndiyo tarehe ninayoipigania kuliko zote, na sababu yake kubwa ni kifaduro. Vitabu vinakieleza kama kikohozi cha mfululizo kinachomalizika kwa mlio wa kuvuta pumzi. Mtoto mkubwa ndivyo anavyougua. Kichanga wa mwezi mmoja au miwili mara nyingi hana mlio wowote; anakohoa kidogo, kisha anaacha kupumua. Midomo inageuka bluu, mwili unalegea, baada ya muda anashtuka na kuvuta pumzi, na usiku huo huo inarudi tena. Kazi ya wodini inakuwa kukaa pembeni ya kitanda na kumkumbusha kupumua. Ugonjwa huu huua zaidi katika miezi ya kwanza kabisa ya maisha. Kwa hiyo dozi ya kwanza ya wiki ya sita ikisogezwa hadi mwezi wa nne, hata kama baadaye kadi itajaa yote, ule muda wa hatari kubwa mtoto ameupita bila kinga. Nesi ataandika "amekamilisha" na atakuwa sahihi, lakini kifaduro hakikusubiri mwezi wa nne.

Wiki sita ni siku 42. Arobaini ikiisha, safari ya kwanza ya mtoto iwe kliniki, kabla ya kupelekwa kuonyeshwa kwa mababu na majirani. Na kabla ya hapo, mgeni mwenye kikohozi amsalimie mtoto kutoka mlangoni. Hakuna adabu inayovunjwa. Mwambie daktari kakataza.

Siku hiyo mtoto atapata matone ya polio, matone ya rota ya kuzuia kuhara kukali, na sindano mbili mapajani. Moja ni penta, yenye kinga tano ndani yake: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na Hib. Ya pili ni ile ya nimokoka. Sindano hizi mbili hurudiwa wiki ya 10 na ya 14, na wiki ya 14 huongezwa polio ya sindano. Mama akiona sindano mbili kwa mpigo anaomba moja ibaki ya wiki ijayo. Usiombe. Mwili wa mtoto hauzidiwi na chanjo mbili, na ile ya wiki ijayo mara nyingi haichomwi kabisa. Unachoweza kufanya ni kumnyonyesha wakati anachomwa. Kumkumbatia na titi lipo mdomoni kunapunguza maumivu kweli, hili limepimwa, na nesi mzoefu hatakushangaa.

Jioni yake tegemea joto, paja gumu kidogo, na mtoto mwenye hasira. Usimpe dawa kabla ya kwenda eti kujihami. Akipata joto na kusumbuka, parasetamoli ya maji inatosha: kwa mtoto wa kilo 5, mililita 2.5 za ile yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, si zaidi ya mara nne kwa siku, na zipite angalau saa sita kati ya dozi na dozi. Kama hujui uzito wake, umeandikwa kwenye kadi siku hiyo hiyo. Usilikande paja kwa maji moto wala kulisugua. Joto la penta kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili. Likizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea, au akipata degedege, si la kusingizia chanjo. Mpeleke apimwe, na kwa maeneo yetu kipimo cha malaria kiwe cha kwanza. Nimewaona watoto waliokaa na malaria siku nne nyumbani kwa kuwa walichanjwa Jumatatu.

Miezi tisa ina hesabu ya aina nyingine. Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyoipata kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo ikiwa bado nyingi, inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ikishapungua sana, mtoto yuko wazi. Miezi tisa ndipo mahali wataalamu walipoona panafaa kwa nchi zetu, ambako surua huwashika watoto wangali wadogo. Hata hivyo, ukichanja watoto 100 wakiwa na miezi tisa, karibu 85 ndio wanaopata kinga. Wale 15 hawana alama yoyote usoni, na kadi zao zimepigwa muhuri kama za wenzao. Ndiyo maana kuna dozi ya mwezi wa 18, na ndiyo maana si ya ziada wala ya wenye nacho. Tanzania iliianza mwaka 2014, wakati huo huo tulipoingiza rubella, ule ugonjwa ambao kwa mtoto ni vipele vya siku tatu lakini ukimpata mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi na moyo wenye kasoro.

Surua inaambukiza kuliko karibu ugonjwa wowote tunaoujua. Mgonjwa mmoja asiye na waliokingwa karibu naye huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na hewa ya chumba alichokaa hubaki na virusi kwa hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo ili isipate njia, watoto 95 kati ya 100 wa mtaa wanatakiwa wawe na kinga. Joto la chanjo hii nalo halifuati lile la penta: huja baada ya wiki moja hivi, kati ya siku ya tano na ya 12, wakati mwingine na vipele vyepesi, na wazazi wengi hawaliunganishi tena na sindano. Zikitangazwa kampeni za surua mtaani mwanao akiwa na miezi sita, mpeleke achanjwe, lakini dozi hiyo haihesabiwi. Ile ya miezi tisa iko palepale. Na usisahau vitamini A, kuanzia miezi sita, kila baada ya miezi sita hadi afike miaka mitano. Ni kidonge kinachotobolewa na kukamuliwa mdomoni, na macho niliyoyataja juu yanakitegemea.

Mambo yafuatayo nayapitia haraka kwa kuwa majibu yake ni mafupi. Mafua, kikohozi chepesi na kuhara kidogo havizuii chanjo. Uzito mdogo hauzuii. Mtoto dhaifu ndiye anayeihitaji zaidi. Njiti huchanjwa kwa kuhesabu siku alizozaliwa, si siku alizotarajiwa kuzaliwa. Aliyechelewa haanzi upya hata kama umepita mwaka: anaendelea alipoishia, na wiki nne kati ya penta na penta zinatosha. Aliyechanjwa akapata degedege au mzio mkali, mweleze daktari kabla ya dozi nyingine. Mtoto wa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anachanjwa pia, ila mwambie nesi, maana BCG ina masharti yake.

Kuhusu hofu nilisema nitajibu. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa kitu cha kuwazuia kuzaa. Serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha, lakini maneno yalikwishavuka mpaka, na mpaka leo nayasikia kliniki. Sibishani na mama kwa takwimu. Namwomba anihesabie wanawake wa ukoo wake waliochomwa pepopunda wakiwa na mimba, kisha watoto waliozaa baadaye. Huwa tunaishia kucheka. Kuna na hofu ya kawaida kabisa ya maumivu, nayo haina aibu. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Mwezi Oktoba 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akazunguka nchini mwake akiwahimiza wazazi wawape watoto chanjo ya polio. Alifariki mwaka 2013, akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Bibi ndiye mtu wa kuzungumza naye, na wazazi vijana wanakosea wanapomficha. Bibi aliyelea watoto kabla chanjo ya surua haijaenea anaijua surua kuliko mimi. "Sisi tulikuwa hatumhesabu mtoto mpaka apite surua, mwanangu," aliniambia mmoja, na tangu siku hiyo nilimwachia yeye kazi ya kuwahimiza wakwe zake. Ugomvi wetu sisi wawili ulibaki kwenye kimeo. Mtoto akikohoa kwa muda, wapo wanaompeleka kwa fundi akatwe kimeo. Mtoto huyo anarudi na damu isiyokata, au usaha, na kile kilichokuwa kinamkohoza bado kipo: nimonia, kifua kikuu, pengine kifaduro. Mtoto wa kikohozi kirefu ni wa kupelekwa hospitali na kadi yake mkononi, kwa sababu jambo la kwanza ninalotazama ni amechanjwa nini na lini.

Niseme neno kwa vijana wanaoniandikia wakitaka kuwa madaktari wa watoto. Kwa Tanzania ni miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kazini, kisha mitatu ya ubingwa. Mfano mnao: Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Tanzania kuwa daktari, alichagua watoto. Ushauri wangu ni kwamba kabla hujajifunza kuweka mrija kwenye mshipa wa kichanga, kaa asubuhi moja moja na nesi wa chanjo. Jifunze kutazama ule mraba mdogo kwenye chupa, namna unavyokolea rangi dawa ikipatwa na joto, na ujue lini chupa ni ya kutupa. Tazama anavyozungumza na mama aliyechelewa. Anayekaripiwa harudi. Ubingwa wetu una sifa nyingi na kelele nyingi, lakini karibu kila niliyemwokoa kwa oksijeni usiku wa manane, nesi yule angeweza kumwokoa kwa dakika tano za asubuhi.

Na mama naye ana kadi. Chanjo ya pepopunda kwa mwanamke hutimia kwa dozi tano, na zile mbili za mimba ya kwanza ni mwanzo tu. Zinamlinda mtoto dhidi ya ule ugonjwa wa kitovu ambao kichanga anaacha kunyonya siku ya tatu au ya nne, taya linakaza, na mwili unapinda akiguswa au akisikia mlango umegongwa. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa pepopunda ya vichanga si tena tatizo la afya ya jamii, lakini kijidudu chake kinaishi kwenye udongo na hakiendi popote. Kitovu kisiwekwe kitu, isipokuwa dawa uliyopewa na kituo.

Mwisho ni kadi yenyewe. Ipige picha pande zote mbili kila baada ya kliniki, umtumie baba na bibi. Ikipotea, rudi kliniki ulikoanzia, kwenye rejista yao tarehe zipo. Ukihamia Muscat, London au Minneapolis, beba ile halisi. Ratiba za huko ni tofauti, Uingereza kwa mfano huanza wiki ya nane na haiwapi BCG watoto wote, na baadhi ya shule zitataka kuona tarehe. Na kwa kuwa mwezi wa 18 mama wengi wamekwisharudi kazini au wana mimba nyingine, na ndiyo dozi inayosahaulika kuliko zote, hiyo napendekeza akabidhiwe baba. Aandike tarehe kwenye simu yake leo, aombe ruhusa asubuhi ile, na ampeleke yeye.